Tangazo la Milango la Wifi Yangu Ardith

Wifi yangu Ardith Brekke hakusomea maigizo hata siku moja, lakini muulize mtu yeyote hapa Vesper Lake ni nani aliyepanda jukwaa la shule yetu ya sekondari mara nyingi kuliko wote, atakutajia yeye. Hata wasiompenda watamtaja, tena kwa kununa. Kazi yake ni kuangalia ukumbi. Shule ina ukumbi wa maigizo mkubwa kuliko kanisa lolote la mji huu, na wanafunzi wasipoutumia hukodishwa kwa watu wa nje: kwaya ya Walutheri, klabu ya wapiga kodiani, shule ya densi, Wahmong waliohamia kutoka Asia na sherehe yao ya mwaka mpya, Wasomali na jioni zao za mashairi. Ukumbi ukikodishwa, lazima awepo mfanyakazi wa shule tangu mlango unapofunguliwa hadi mtu wa mwisho anapotoka. Huyo ndiye Ardith.

Sasa, kabla onyesho lolote halijaanza, mfanyakazi huyo anatakiwa asimame jukwaani awaambie watu mlango wa dharura uko wapi, chakula hakiruhusiwi, na simu zizimwe. Ni agizo la zimamoto. Mtu mwingine angelisoma tangazo lile kama anayesoma bei ya mbolea, kisha akashuka akanywe kahawa yake. Aliyekuwepo kabla ya Ardith ndivyo alivyofanya mpaka akastaafu. Lakini Ardith? Thubutu!

Kwa wapiga kodiani alisema: "Moto ukitokea, acheni kodiani zenu mkimbie. Asiyeweza kuiacha, basi atoke wa mwisho, na asipige." Kwa Walutheri alisema: "Naona wote mmejazana viti vya nyuma kama kawaida yenu. Leo mmepatia, huko ndiko karibu na mlango." Na kwa kina mama wa shule ya densi, ambao hawakuwahi kumsikiliza mtu, aliweka mkono kiunoni akasema: "Mama atakayesimama kumpiga picha mwanawe akumbuke kwamba nyuma yake kuna mama mwingine, na mkoba wake ni mzito." Walikaa chini wote. Wasomali ndio waliomharibu kabisa, maana kwao mtu mwenye ulimi mzuri hapewi kisogo. Alipomaliza tangazo lake kwa mara ya kwanza walimpigia makofi wakamtaka arudie, na mwenzangu akarudia, akaongeza na mengine.

Ikafika mahali watu wanawahi kuja kwa ajili ya tangazo. Nawajua, kwa kuwa mimi ndiye napokea makoti mlangoni. Mtu anavua koti haraka haraka, theluji bado iko kwenye nyusi, ananiuliza, "Twyla, Ardith ameshapanda?" Nikisema bado, anashusha pumzi. Onyesho lenyewe wala haulizii.

Usidhani basi Ardith aliridhika. Alichokitaka maisha yake yote kilikuwa kingine: alitaka kuigiza. Kuigiza hasa, kuwa mtu mwingine mbele ya macho ya watu, na watu wamwamini. Na mlango wa jambo hilo hapa mjini unashikwa na mtu mmoja tu, Royce Haverkamp, kiongozi wa Kikundi cha Maigizo cha Vesper Lake, ambaye huukodi ukumbi wetu kila mwezi wa Machi. Royce ndiye anayechagua mchezo, anayechagua wachezaji, na kwa bahati ya ajabu, mhusika mkuu akiwa mwanaume, anayefaa zaidi huwa ni Royce.

Kazi yake ya siku zote ni daktari wa meno. Kila majira ya baridi Ardith alikwenda kujaribiwa, na kila mara jibu alilipatia kwenye kiti cha meno, kinywa kimejaa vyuma, asiweze kujibu. Uonevu gani huo! Mara moja Royce alimwambia, "Ardith, wewe ni mchekeshaji. Mchekeshaji anawaza watu wanamwonaje. Mwigizaji hawazi hilo kabisa. Sikulaumu, ndivyo ulivyoumbwa. Sukutua." Siku hiyo alirudi garini kwangu, shavu limekufa ganzi, akalia kwa upande mmoja wa mdomo. Nilitaka kucheka na nilitaka kwenda kumpasua Royce, vyote kwa pamoja.

Mwaka juzi wakaingia vitani rasmi. Royce alileta mchezo wa huzuni alioutunga mwenyewe, na Ardith, kama kawaida, akapanda kutangaza. Akasema, "Mchezo wa leo ni wa huzuni sana. Nimeutazama mazoezini mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kujiokoa mapema, mlango uko kulia." Jamani! Mbavu hatukuwa nazo. Watu walicheka hadi ndani ya sehemu ya pili, ambako mtoto wa mchezo alikuwa anakufa kwa homa. Royce alitoka pale amevimba.

Alijikausha mwaka mzima, na Machi ilipokaribia tena akaenda bodi ya shule kwa sauti yake ile ya kutuliza wagonjwa, akaomba tangazo la milango liwe linapigwa kwa rekodi. Akasema ataitengeneza mwenyewe, bure, kwa manufaa ya vikundi vyote. Bodi ikaona ni jambo jema la kisasa, ikakubali.

Ardith alipata habari hizo akiwa anafuta viti. Alinipigia simu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe na kaka yangu Merle, nilisikia sauti yake haina mzaha. Akasema, "Wifi, wameniondoa jukwaani." Nikamwambia waende zao na rekodi yao. Akasema, "Wewe huelewi. Kile ndicho kilikuwa changu." Kweli aliumia, na mimi niliumia naye.

Baada ya siku chache, nani anagonga mlango wa Ardith na sahani ya keki za limau? Royce. Mimi nilikuwepo, nashukuru Mungu kwa hilo, la sivyo nisingeamini. Akajikalisha, akasifu mapazia, akasifu kahawa, halafu akasema ana nafasi kwenye mchezo mpya na anamtaka Ardith.

Kahawa ikamwagika. "Nafasi gani?" Ardith akauliza.

"Ingrid. Mama wa nyumba. Mchezo mzima unamhusu yeye."

"Ana maneno mengi?"

Royce akajikuna sikio. "Hana. Mchezo unaanzia kwenye mazishi yake. Ameshakufa."

Nikamrukia. "Ala! Yaani miaka yote hii anakuomba nafasi, unamletea jeneza?"

"Ni nafasi nzito, Twyla," akasema, hanitazami. "Jeneza litakuwa wazi. Hatutatumia pazia. Watu wakiingia wanamkuta jukwaani amelala, kama wanaoingia msibani. Analala hapo tangu mlango unafunguliwa."

Hapo ndipo nilipomwelewa yule nyoka. Maiti hawezi kutangaza milango. Hata bodi ikibadili nia, hata rekodi ikikwama, Ardith atakuwa kalala chali, macho kayafumba. Nikamuuliza, na sheria ya mfanyakazi wa shule kuwepo? Akasema ameshaongea na mwalimu mkuu. Ardith atakuwa ndani ya jengo, si atakuwemo? Basi yupo.

Alipoondoka nikamwambia Ardith, "Amekuzika mzima mzima! Usikubali." Yeye alikuwa anaikodolea macho sahani ya keki. Akasema, "Twyla, nimepata nafasi." Nikamwita mjinga. Akasema, "Ndiyo. Lakini nimepata."

Basi akaanza kufanya mazoezi ya kufa. Usicheke, au cheka, sisi tulicheka. Alilala kwenye kochi sebuleni, mikono kifuani, kila jioni. Kaka yangu Merle ni mtu wa maneno machache. Alirudi kazini, akachukua bakuli lake la nyama ya kusaga na viazi, akaketi kwenye kiti cha pembeni akatazama mpira wa magongo na maiti ubavuni. Mara moja tu alisema, "Ardith, bili ya umeme uliiona?" na maiti haikujibu, akarudi kwenye mpira. Mimi nilipewa kazi ya kumtekenya pua kwa unyoya. Siku za mwanzo alipiga chafya, akatukana, akaanza upya. Akajifunza kupumua kwa tumbo, chini chini, ndani ya gauni pana. Ikafika siku nikamtekenya hadi mkono ukachoka, na uso wake haukusema kitu. Nikaacha, nikaenda jikoni, sijui kwa nini sikupenda kuendelea.

Jumapili ya onyesho ikafika, alasiri, theluji mbichi imeloweka kila koti. Ukumbi ulijaa. Watu waliingia, wakaona jeneza katikati ya jukwaa na Ardith ndani yake, uso umepakwa unga, na wote wakafikiri jambo lile lile: Ardith ana jipya leo! Wapiga kodiani walijipanga viti vya mbele. Mmoja akaita, "Ardith, mbona hukutuambia unaumwa?" Mwingine akasema, "Amependeza kuliko alivyokuwa hai." Beulah, mwenye shule ya densi, akapanda ngazi kabisa akamchungulia puani. Ardith hakutikisika. Nilimaliza makoti, nikakaa na Merle nyuma, natafuna ukucha.

Taa zikafifia. Muziki wa fidla ukaanza kutoka kwenye vipaza sauti, kisha sauti ya Royce, nzito, ya majonzi. "Karibuni. Endapo kutatokea hatari yoyote, tafadhali tokeni kwa utulivu kupitia mlango ulio kushoto kwenu."

Watu wote wakageuza vichwa kushoto.

Kushoto ni ukuta. Ni ukuta mtupu tangu walipojenga jengo la michezo wakaziba upande ule, na juu yake amechorwa dubu mkubwa, nembo ya timu ya shule, amekenua. Mlango uko kulia. Lakini Royce ni mtu wa jukwaani. Maisha yake yote ameuona ukumbi ule akiwa juu, uso kwa watu, na kwake mlango uko kushoto. Kukaa kitini kama sisi, akatazama maigizo ya mtu mwingine, hajawahi. Alirekodi kama anavyoona yeye, akapitisha rekodi kama anavyoona yeye.

"Zima hiyo!" Aliyesimama ni Delmar Tuominen, mkuu wa zimamoto, aliyekuja na mkewe siku yake ya mapumziko. "Royce! Unataka watu hawa watoke kupitia tumbo la dubu?"

Ukumbi ukalipuka. Fidla ikakatika. Royce akatoka pembeni amevaa suti nyeusi ya ufiwa, jasho linateremka. "Nilimaanisha kulia, Delmar. Kulia kwao. Haya, tuendelee."

"Hatuendelei. Agizo linasema, rekodi ikiwa na kasoro, atangaze mfanyakazi wa shule aliye zamu. Kwa mdomo wake, hapo jukwaani. Asipotangaza, nafunga onyesho. Yuko wapi mfanyakazi wa shule?"

Vichwa vyote, kimoja kimoja, vikaelekea kwenye jeneza.

"Yupo," Royce akasema, sauti imekauka. "Ila amekufa."

Merle akatoa mguno ambao kwake ni kicheko. Royce akapiga magoti kando ya jeneza, akainama, akanong'ona. Alisahau kwamba alining'iniza vinasa sauti juu ya jeneza ili kilio chake kisikike hadi nyuma. Tukasikia kila kitu.

"Ardith. Inuka."

Kimya.

"Ardith, nakwambia inuka, tangaza."

Midomo haikusogea, lakini sauti ilitoka. "Kwenye mchezo wako maiti haiinuki. Nimesoma."

"Delmar anafunga onyesho!"

"Pole."

"Ardith, tafadhali."

"Tafadhali nani?"

Royce akameza mate. Ukumbi mzima ulimsikia akimeza. "Tafadhali, Bi. Brekke."

Ardith akafumbua macho, akaketi ndani ya jeneza taratibu, uso mweupe pe, akatutazama upande hadi upande. Akasubiri kelele zitulie. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Habari za alasiri. Samahanini, nilikuwa nimeshafika. Delmar kaniita."

Mwanaume mmoja wa kodiani alianguka kitini. Ardith akainua mkono mmoja wa unga. "Mlango wa dharura uko kulia kwenu. Kulia. Huko nilikotoka nimekutana na wengi waliokwenda kushoto. Chakula hakiruhusiwi. Beulah, hata kaburini naisikia hiyo karatasi ya peremende. Simu zizimwe, na msinipigie, kule hakuna mtandao. Asanteni kwa kuja kwenye msiba wangu, nilidhani mtakuwa wachache." Akamgeukia mkuu wa zimamoto. "Inatosha?"

"Inatosha," Delmar akasema, anajifuta macho.

Ardith akalala tena, akapanga mikono kifuani, akafumba. Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka. Nilimpenda wifi yangu, nikamwonea Royce huruma kidogo, kidogo tu, maana sasa alikuwa na mchezo wa huzuni wa kuigiza mbele ya watu waliokuwa wanajishika matumbo.

Akaanza. Majirani wa mchezo walipita kutoa pole, na kila neno "marehemu" likitajwa watu walipasuka kwa kicheko. Royce akawa anasema maneno yake haraka haraka, anatazama chini. Kisha ikafika ile sehemu. Anabaki peke yake na jeneza, anapiga magoti, anamshika mkewe mkono. Maneno yake ni haya, nayajua kwa sababu Ardith alinisomea mara nyingi: "Ingrid, sema nami. Neno moja tu." Baada ya hapo maandishi yanasema: kimya kirefu.

Royce akayasema. Na sote tukavuta pumzi tukaishika.

Unaelewa? Royce alikuwa amemwekea mzaha mezani. Watu wote wa Vesper Lake walikuwa wamejiegemeza mbele, midomo iko tayari kucheka, wanangoja neno moja. Lolote. Angesema tu "Nini?" paa lingeondoka, na Royce asingeigiza tena katika mji huu. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa namwomba kimoyomoyo, sema, wifi, sema, mmalize. Nilimwona Royce amejikunyata anangoja kipigo. Alijua na yeye.

Ardith hakusema.

Tukangoja. Mtu mmoja akacheka kidogo, mahali fulani, akaachia njiani. Hakusema. Ule mkono ulioshikwa na Royce ulining'inia tu, mzito, hauna mwenyewe, na alipouachia ukaanguka pembeni ukabaki ulivyoangukia. Nikatafuta kifua chake kikipanda, sikukiona. Nikasahau unyoya, nikasahau kochi. Niliona mwanamke amelala pale ambaye hatajibu tena, umwite usimwite, na watu waliokuja kucheka naye wamechelewa.

Merle akanishika mkono kwa nguvu. Alikuwa ameketi na maiti ile jioni zote zile, anakula viazi. "Twyla," akaninong'oneza, "mbona hapumui?" Nilimgeukia, na kaka yangu alikuwa analia. Mbele yetu Beulah analia. Wapiga kodiani, wanaume wazima, wameinamisha vichwa. Na Royce Haverkamp pale jukwaani akayaacha maneno yake, akalaza paji la uso kwenye ubao wa jeneza, mabega yanamtikisika. Sidhani kama hilo lilikuwa limeandikwa.

Mchezo ulipokwisha nilimkuta Ardith nyuma ya jukwaa, anajifuta unga kwa taulo. Royce alikuwa amemshikia koti lake, yeye mwenyewe, kalifungua avae. Hakuweza kutazama juu. Ardith akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akamshukuru.

Mimi sikuweza kungoja. Nikamvuta pembeni. "Wewe! Ilikuwa mdomoni mwako! Alikuuliza mwenyewe, ukumbi mzima unakungoja, ungemmaliza kwa neno moja. Kwa nini hukusema?"

Wifi yangu alinitazama kama aliyeulizwa swali la kitoto.

"Ningesemaje, Twyla? Nilikuwa nimekufa."